Ukumbi wa Heshima wa Sanaa za Mapigano: Jinsi ya Kuuanzisha na Kuuendesha Katika Ngazi ya Kanda

Sanaa za mapigano zina wingi wa vyeo, mikanda na vyeti, lakini zina uhaba wa heshima inayoaminiwa na mtu aliye nje ya shule ilikotolewa. Kila shule inaweza kumtukuza mwalimu wake, na kila chama kinaweza kuchapisha cheti chenye muhuri wa dhahabu. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi sasa zimekuwapo kumbi za heshima zinazomwandikia mwalimu barua ya kumpongeza kwa kuteuliwa, kisha zikamtaka alipie meza ya karamu, ngao na picha yake ndani ya kitabu cha kumbukumbu. Mwalimu wa namna hiyo ameuziwa bidhaa, na wanafunzi wake wanalijua hilo hata wasiposema. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kamati, chama cha kanda au kikundi cha walimu wanaotaka kuanzisha Ukumbi wa aina nyingine, ambao jina likiingia humo, hata watu wa mitindo mingine na mahasimu wa zamani wakubali kwamba lilistahili. Kazi yote iliyoelezwa hapa inasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni jalada lenye ushahidi, lililosomwa na watu waliokuwa na uhuru wa kulikataa.

Kanuni kwanza, majina baadaye

Mara nyingi wazo la Ukumbi huzaliwa kwa sababu ya mtu fulani, pengine mwalimu mkongwe ambaye afya yake imeanza kudhoofika, au bingwa aliyerudi na medali na ambaye kila mtu anataka kumshangilia. Hamu hiyo ni njema, lakini kanuni zinazoandikwa huku kamati ikimfikiria mtu mmoja hutoka zikiwa zimemkaa yeye tu, na mwaka wa pili zikamfungia mlango mwingine aliyestahili vilevile. Kwa hiyo kikao cha kwanza kisitaje jina lolote. Kitunge hati fupi, ya kurasa tatu au nne, inayoeleza kanda inaishia wapi, ni sanaa zipi zinazohusika, mtu anapaswa kuwa na uhusiano gani na kanda hiyo, na ni nani watakaoamua.

Suala la uhusiano na kanda ndilo linalozua ugomvi mwingi, basi liamuliwe mapema na kwa maneno yasiyo na utata. Kuzaliwa mahali peke yake si mchango. Mtu aliyehama akiwa mtoto wa miaka miwili, akajifunza na kushinda kwingine, ni fahari ya huko alikofunzwa. Kwa upande mwingine, mwalimu aliyekuja kutoka mbali, akafungua shule na kuilea kwa miongo mitatu, ni mwenyeji kwa haki zote hata kama lafudhi yake bado inamtambulisha. Kanuni inayofaa ni ile inayodai angalau miaka 10 ya kazi ndani ya kanda, au kuiwakilisha kanda katika kilele cha ushindani, na inayoiruhusu kamati kutoka nje ya kipimo hicho kwa sababu iliyoandikwa tu.

Kuhusu sanaa zitakazohusika, msijaribu kuorodhesha kila mtindo, kwa sababu orodha hiyo haitakamilika na atakayeachwa atajihisi amedharauliwa. Ni afadhali kuweka sifa, kwamba sanaa iwe na mafunzo yenye mpangilio, iwe na walimu wanaojulikana walijifunza kwa nani, na iwe na kanuni za mwenendo zinazowabana wafuasi wake. Kwa kipimo hicho karate, judo, taekwondo, kung fu, aikido, capoeira na jiu-jitsu ya Kibrazili zinaingia bila mjadala, na sanaa za jadi za fimbo au za mieleka zilizohifadhiwa na jamii za kanda nazo zinapata njia. Ndondi na mieleka ya kimataifa mara nyingi zina kumbi zake. Amueni kama zitaingia au la, kisha mshikilie uamuzi huo.

Iko pia kanuni ya muda. Katika besiboli ya Marekani, mchezaji huingia katika orodha ya wapigiwa kura wa Ukumbi wa Cooperstown baada ya kuwa nje ya mchezo kwa miaka 5, ili shangwe zitulie kabla ya hukumu. Kanuni hiyo haihamishiki moja kwa moja, maana katika sanaa za mapigano watu hawastaafu hivyo, na mwalimu wa miaka 80 anaweza kuwa bado anafunga mkanda wake kila jioni. Kwa washindani wekeni miaka 3 hadi 5 tangu pambano la mwisho la kiwango cha juu. Kwa walimu, miaka 25 ya kufundisha ni kipimo chenye maana zaidi kuliko umri. Marehemu waruhusiwe, lakini wawe na nafasi zao maalumu kila mwaka, kwa sababu wakishindanishwa na walio hai mmoja wa pande mbili hizo atapuuzwa daima.

Kutenganisha aina za mchango

UFC, kampuni ya Marekani inayoandaa mapambano ya mitindo mchanganyiko, ilipoanzisha Ukumbi wake mwaka 2003 iliwaingiza Royce Gracie na Ken Shamrock, wapiganaji wawili waliotambulika kwa mapambano yao. Baadaye ikaugawa katika sehemu nne, yaani waanzilishi, wapiganaji wa zama za sasa, wachangiaji, na mapambano yenyewe yaliyokuwa ya kihistoria. Mgawanyo huo unakubali kwamba mtu aliyejenga mchezo na mtu aliyeushinda hawapimwi kwa mizani moja. Ukumbi wa kanda unatosheka na makundi manne: washindani, walimu, waasisi walioileta au kuihuisha sanaa katika kanda, na watumishi, nikimaanisha waamuzi, madaktari wa pembeni mwa uwanja, waandaaji wa mashindano na viongozi wa vyama. Kundi hili la mwisho husahauliwa kirahisi. Mwamuzi aliyesimama katikati ya uwanja kwa miaka 30 na kuzuia majeraha ambayo hakuna aliyeyahesabu amewatumikia wapiganaji wengi kuliko bingwa yeyote, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Kwa nini mkanda hautoshi kuwa kipimo

Kosa la kawaida ni kuandika kwamba mpendekezwa lazima awe na dani (ngazi ya mkanda mweusi) ya 5 au zaidi. Sentensi hiyo inaonekana ya haki na rahisi kutekeleza, lakini inalinganisha vitu visivyolingana. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro dani ya kwanza. Mfumo huo ukaenea kwa karate na baadaye kwa sanaa nyingine nyingi, na kila taasisi iliyoupokea ikaweka masharti yake yenyewe. Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, huwapa watoto ngazi ya poom badala ya dani. Katika jiu-jitsu ya Kibrazili, shirikisho la IBJJF halimpi mtu mkanda mweusi kabla ya miaka 19, na kufikia mkanda mwekundu wa ngazi ya 9 kunadai miaka isiyopungua 48 ndani ya mkanda mweusi, maana yake hakuna anayeuvaa kabla ya kufika miaka 67. Halafu wapo wale ambao waliachana na chama chao, wakaunda kingine wakiwa watu watatu, na ndani ya miaka michache wakawa na dani ya 10. Kuyaweka haya yote katika safu moja ya jedwali ni kudanganya kwa kutumia tarakimu.

Cheo kina kazi yake katika jalada. Kinathibitisha kwamba mtu alipita katika mikono ya taasisi fulani, na tarehe za kupandishwa kwake zinaonyesha kama alitembea au aliruka. Kwa sababu hiyo, ombeni tarehe na jina la taasisi kwa kila ngazi, kisha muulize taasisi hiyo kwa maandishi. Taasisi kubwa huweka kumbukumbu za vyeti zilivyotoa na nyingi hujibu. Mtu aliyepanda ngazi tano ndani ya miaka mitatu, au ambaye vyeti vyake vya juu vimetiwa saini na mtu aliye chini yake kwa cheo, hajathibitika kuwa mwongo, lakini jalada lake linahitaji maelezo kabla ya kwenda mbele.

Medali nazo zina mtego wake. Aikido ya Ueshiba Morihei, kama inavyofundishwa na shirika lake la Aikikai, haina mashindano kabisa, kwa hiyo kanuni inayodai medali imewafuta walimu wake wote kwa mstari mmoja. Hata pale penye mashindano, mtu apimwe kwa milango iliyokuwa wazi katika zama zake. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964 kwa wanaume, lakini wanawake walisubiri hadi 1992 kupewa medali kamili. Taekwondo ikawa mchezo rasmi mwaka 2000. Karate ilionekana mara moja tu, katika michezo ya Tokyo 2020 iliyofanyika 2021, na haikuwamo Paris 2024. Mcheza karate aliyekuwa katika ubora wake mwaka 1985 hakukosa medali ya Olimpiki kwa udhaifu wake. Haikuwapo ya kushindaniwa.

Hoja hii ya milango inahitaji kukaziwa, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama Ukumbi utakuwa wa haki au utarudia tu dhuluma zilizokwisha kutendeka. Keiko Fukuda, mwanamke mwalimu wa judo aliyezaliwa mwaka 1913 na kufundishwa na Kano mwenyewe, alikaa katika dani ya 5 kwa miaka mingi kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupita hapo. Alipewa ya 6 mwaka 1972. Mwaka 2006 Kodokan ikampa dani ya 9, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani kikampa ya 10. Kamati iliyotazama mkanda wake mwaka 1970 ingemwona ni mwalimu wa kawaida. Rusty Kanokogi, mcheza judo wa Marekani, naye alishiriki mashindano ya judo ya YMCA (chama cha Kikristo cha vijana) katika jimbo la New York mwaka 1959 akiwa amejificha kama mwanamume, akashinda, akakiri alipoulizwa kuwa ni mwanamke, na medali ikachukuliwa. Alitumia maisha yake kuipigania judo ya wanawake, na mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yakafanyika New York mwaka 1980 kwa juhudi zake. YMCA ilimrudishia medali mwaka 2009, mwaka aliofariki. Katika kanda yoyote wapo watu wa aina hii kwa kiwango kidogo zaidi: mwanamke aliyefundisha wasichana katika chumba cha nyuma, mwenye ulemavu aliyekataliwa kufanya mtihani wa mkanda, mwalimu wa jamii iliyobaguliwa. Fomu ya mapendekezo iwe na swali linalouliza waziwazi ni vizuizi gani mpendekezwa alivikuta, na jopo litakalopiga kura lilisome jibu hilo pamoja na matokeo yake.

Jalada na ushahidi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi huchoka. Pendekezo lisiwe barua ya sifa. Liwe na wasifu wenye tarehe, nakala za vyeti, uthibitisho wa matokeo ya mashindano, na ushuhuda wa watu wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa wa nje ya shule na mtindo wa mpendekezwa. Shahidi huyo wa nje ana thamani kubwa, kwa maana sifa za mwanafunzi kwa mwalimu wake ni sehemu ya adabu ya sanaa hizi, na adabu haiwezi kusomwa kama ushahidi.

Simulizi za sanaa za mapigano hupenda kukua. Mtu "hakuwahi kushindwa", mwingine ni "bingwa wa dunia", mwingine alijifunza siri kwa mzee ambaye hakuna mwingine aliyemwona. Msiyadhihaki madai haya, yapelekeni kwenye maelezo. Bingwa wa dunia wa shirikisho lipi, mwaka gani, katika uzito gani, na walikuwa washindani wangapi katika kundi lake? Karate peke yake ina mashirikisho kadhaa, na zaidi ya moja huandaa mashindano yenye jina la dunia. Medali ya dhahabu katika kundi la watu watatu ni medali halali, lakini jopo lina haki ya kujua kwamba walikuwa watatu. Programu za mashindano ya zamani, magazeti, vitabu vya kumbukumbu za mitihani ya mikanda na picha zilizoandikwa tarehe nyuma yake husaidia sana, na nyingi zimo ndani ya masanduku ya familia ambazo hazijui kwamba ni nyaraka.

Kwa wazee ambao karatasi zao zimepotea, au hazikuwapo tangu mwanzo, tumieni mahojiano yaliyorekodiwa. Swali la kama fulani alikuwa mwalimu mzuri halina faida, kwa sababu jibu lake ni moja daima. Ulizeni mazoezi yalifanyika wapi, siku gani za wiki, nani mwingine alikuwapo, nani alisimamia mtihani wa kwanza, na ada ilikuwa nini. Watu wawili walioulizwa kila mmoja peke yake, wakataja jengo lilelile na majina yaleyale, wametoa ushahidi ulio imara kuliko cheti ambacho hakuna anayejua kilichapwa wapi.

Kwa walimu, idadi ya mikanda myeusi waliyoitoa ni kipimo dhaifu, kwa kuwa anayeitoa kwa haraka atamshinda anayeitoa kwa uangalifu. Ulizeni badala yake ni wanafunzi wangapi waliendelea na mazoezi miaka 10 baada ya kupata mkanda huo, na wangapi kati yao wanafundisha leo. Hesabu hiyo ni ndogo kwa kila mtu, na ndiyo maana inatofautisha.

Sehemu ya mwisho ya jalada ni mwenendo. Mwalimu wa sanaa za mapigano hupewa mamlaka juu ya miili ya watu wengine, wakiwamo watoto, na Ukumbi unaofumba macho kuhusu hilo unaweza kumpa mkosaji kinga anayoitafuta. Mpendekezwa atie saini tamko kwamba hajawahi kuadhibiwa kwa unyanyasaji, upangaji wa matokeo au matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, na kamati iliulize shirikisho husika kuhusu rekodi yake ya nidhamu. Pakiwa na tuhuma ambazo bado zinachunguzwa, jalada lisimamishwe bila kukataliwa, na wala pasitolewe tangazo. Majalada yote yawe siri, na majina ya wasiochaguliwa yasitoke nje ya chumba kamwe. Aliyependekezwa bila kujua, kisha akasikia mtaani kwamba alikataliwa, amevunjiwa heshima na watu waliosema wanataka kumheshimu.

Jopo na kura

Jopo la watu 9 linatosha. Wasizidi wawili kutoka mtindo mmoja, na angalau wawili wawe watu wasiofanya sanaa yoyote ya mapigano, kwa mfano mhifadhi wa nyaraka, mwandishi wa habari za michezo au mwanasheria, kwa kuwa hao ndio watakaouliza maswali ambayo wenye mikanda huona aibu kuyauliza. Kila mmoja atumikie miaka mitatu, na theluthi ya jopo ibadilishwe kila mwaka ili pasiwe na kikundi kinachojirithi. Mjumbe asipendekezwe akiwa kwenye jopo, wala katika miaka miwili baada ya kutoka.

Mgongano wa maslahi katika sanaa hizi una sura yake ya pekee. Katika bodi ya kawaida mtu hutangaza undugu au biashara. Hapa kuna uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi, ambao kwa wengi una nguvu kuliko undugu. Mjumbe ambaye mpendekezwa alimfundisha, alimpandisha cheo, au yumo katika mnyororo mmoja wa walimu naye, atoke nje ya chumba jalada linapojadiliwa, maana kunyamaza akiwa ameketi hapo kunatosha kuwaelekeza wengine. Kura iwe ya siri kwa sababu hiyohiyo, kwani mtu wa dani ya 3 hatainua mkono kumpinga mtu wa dani ya 8 aliyekaa mbele yake, na kumdai afanye hivyo ni kutoijua mila aliyolelewa. Mwenyekiti mwenye busara huwapa wadogo nafasi ya kusema kwanza na wakubwa mwisho.

Kiwango cha kupita kiwe asilimia 75, kile kinachotumiwa na Cooperstown, ambako katika uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1936 walipita wachezaji watano tu, licha ya wingi wa majina makubwa ya zama zile. Kwa jopo la watu 9 waliopo wote, hiyo ni kura 7. Wawili wakitoka kwa mgongano wa maslahi, wanaobaki ni 7 na kura zinazohitajika ni 6. Wekeni kikomo cha juu, kwa mfano watu 5 kwa mwaka, na msiweke kima cha chini, kwa maana kuna mwaka ambao jibu sahihi ni mtu mmoja, au hakuna. Kishawishi kikubwa ni mwaka wa kwanza, wakati kila shule inadai mwasisi wake na kamati inaona ni rahisi kuwaingiza 40 kwa pamoja ili kuwe na amani. Amani hiyo haidumu, kwa kuwa mwaka wa pili wale wanaoingia kwa uchunguzi huuliza kwa nini wenzao waliingia bila uchunguzi. Ambaye hakufikia kiwango abaki katika orodha kwa miaka mitatu bila kuhitaji fomu mpya, kisha apumzishwe hadi pendekezo lenye ushahidi mpya liwasilishwe.

Fedha

Anayetunukiwa asilipe chochote, wala kwa jina la ada ya fomu, mchango wa ngao au tiketi ya karamu. Yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza waalikwe bure, na kama anatoka mbali, nauli yake iwe ndani ya bajeti. Fedha zitoke kwenye michango ya vyama wanachama, wafadhili na tiketi za wageni wengine. Mfadhili anaweza kuandikwa kwenye bango. Asiwe na kiti kwenye jopo wala asione majina kabla ya umma. Mahesabu yachapishwe kila mwaka, hata kama ni ukurasa mmoja. Bajeti ikiwa ndogo, punguzeni chakula na mapambo, si gharama za uhakiki.

Maelezo ya sifa na siku ya sherehe

Mpigieni simu mtunukiwa kabla ya kutangaza, mumpe nafasi ya kukubali au kukataa, kwani wapo walimu ambao falsafa yao haiafiki kusifiwa hadharani, na uamuzi wao uheshimiwe bila kushawishiana. Kisha andikeni maelezo ya sifa yake, aya moja ya maneno 80 hadi 120, ambayo ndiyo itakayobaki kwenye bamba baada ya hotuba zote kusahauliwa. Aya inayosema "mwalimu mahiri, mnyenyekevu, aliyejitolea kwa moyo wote kukuza mchezo" inaweza kubandikwa kwa mtu yeyote. Aya inayosema kwamba alianza kufundisha judo katika bwalo la shule akiwa na mikeka sita, akaendesha mafunzo hayo kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka 31, na kwamba walimu wanne kati ya saba wa judo walioko katika kanda leo walianzia kwake, ni ya mtu mmoja tu. Kila kilichomo kitoke kwenye jalada, na mtunukiwa au familia yake waisome kabla haijachongwa. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina la marehemu ni kosa litakaloonekana na wajukuu wake.

Sherehe yenyewe haihitaji maelezo mengi. Iwe fupi, isizidi saa mbili, na watunukiwa waitwe kwa alfabeti au kwa makundi, si kwa cheo, ili kuepusha mabishano ya nani aketi juu ya nani. Salamu ya kila mtindo itolewe kwa taratibu za mtindo huo. Maonyesho mawili ya wanafunzi yanatosha, na ni vizuri yatolewe na wanafunzi wa watunukiwa wenyewe. Hotuba za wageni rasmi ziwe mwanzoni, kwa sababu zikiwekwa mwishoni wazee watakuwa wamechoka kuzisubiri.

Kutunza, kusahihisha na kuondoa

Bamba la ukutani ni sehemu inayoonekana, lakini mali halisi ya Ukumbi ni kumbukumbu zake. Nakala za vyeti, picha, matokeo na mahojiano yaliyorekodiwa zikabidhiwe kwa maktaba au ofisi ya nyaraka iliyo tayari kuzipokea kwa mkataba wa maandishi, na nakala ya kidijitali iwekwe mahali pengine tofauti. Zikibaki nyumbani kwa katibu, zitapotea siku katibu atakapobadilishwa. Mkataba ueleze wazi ni nyaraka zipi zinazoweza kuonyeshwa umma na zipi, kama tamko la mwenendo na barua za siri za mashahidi, zinabaki zimefungwa.

Makosa ya ukweli yatajitokeza, kwa maana kutangaza jina huwaamsha watu wenye karatasi ambazo kamati haikuziona. Pokeeni masahihisho wakati wowote kupitia kwa katibu, yajadiliwe na jopo, na bamba likilazimika kubadilishwa libadilishwe kwa gharama za Ukumbi. Kumwondoa mtu ni jambo jingine, na kanuni yake iandikwe kabla haijahitajika. Sababu ziwe chache na zitajwe kwa jina: udanganyifu katika jalada, hukumu ya mahakama kwa kosa la unyanyasaji, au adhabu ya mwisho ya shirikisho kwa kosa zito. Mhusika apewe notisi na muda wa siku 30 kujibu kwa maandishi, kura ihitaji asilimia 75 ileile iliyomwingiza, na uamuzi utangazwe pamoja na sababu yake. Jalada lake lisichomwe wala kufichwa. Lihifadhiwe likiwa na nyongeza inayoeleza kilichotokea, kwani wanafunzi aliowafundisha bado ni sehemu ya historia ya kanda na watahitaji kuthibitisha mafunzo yao. Kanuni nyingine zote zipitiwe mara moja kwa mwaka, baada ya sherehe na kabla ya fomu mpya kutolewa, na marekebisho yatumike kwa mapendekezo yajayo tu, si kwa majalada ambayo jopo limekwisha kuyafungua.